Kushusha, kunyanyua na kupanga chuma kizito yadini: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ukipita mitaa ya Gerezani asubuhi, au mbele ya duka lolote kubwa la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, kazi ni ileile: lori limesimama nusu barabarani, nondo za mita 12 zimetokeza nyuma, vijana wako juu wanalegeza kamba, na winchi, yaani kreni ya kwenye gari, inasubiri. Kila mtu anaangalia winchi. Hatari ya mzigo ulio hewani ipo, lakini watu huumia zaidi pembeni yake: kamba inapofunguliwa, gogo linaposukumwa chini ya mzigo, silingi (mkanda, cheni au kamba ya waya ya kufungia na kunyanyulia mzigo) inapochomolewa, au wiki mbili baadaye kibarua anapovuta nondo moja ya chini kwa ajili ya mteja mwenye haraka. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mahali chuma kitakapolala, sio kwenye ndoano.

Nimewaandikia wenye yadi, mafomani, mafundi wa kuchomelea na vibarua. Ukiwa na kreni ya juu ya reli na mafundi wenye vyeti, mengi hapa unayajua. Walengwa hasa ni wale wanaofanya kazi kwa winchi ya kukodi, cheni za kuazima na mabega.

Hatua ya 1: Jua uzito kabla ya kugusa chochote

Chuma hakikadiriwi kwa macho. Bahati nzuri, uzito wake unahesabika kwa simu ya kitochi.

Kwa nondo, chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, gawanya kwa 162. Jibu ni kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12: 12 mara 12 ni 144, gawanya kwa 162, unapata kilo 0.89 kwa mita, yaani karibu kilo 10.7 kwa kipande cha mita 12. Ya milimita 10 ni kilo 7.4, ya 16 ni kilo 19, ya 20 inakaribia kilo 30, ya 25 ni kilo 46. Ya 32 inafika kilo 76, na hapo usimwambie mtu yeyote aibebe peke yake hata kama anajisifia kifua.

Kwa shiti za chuma, kila milimita moja ya unene ni kilo 7.85 kwa mita moja ya mraba. Chukua 8, ni rahisi na inakuweka upande salama. Shiti ya futi 8 kwa 4 ina eneo la karibu mita za mraba 3. Kwa hiyo ya milimita 6 ni kama kilo 140, na ya milimita 10 inapita kilo 230. Kwa boriti, angalia jedwali la mtengenezaji: IPE 200, kwa mfano, ni kilo 22.4 kwa mita, hivyo kipande cha mita 12 ni karibu kilo 270. Roli za bati huja na lebo yenye uzito. Lebo ikiwa imechanika, soma hati ya mzigo. Kama hata hati haipo, mzigo unabaki kwenye lori mpaka uzito ujulikane.

Kuna nondo sokoni zisizofikia kipenyo kinachotajwa, hilo kila fundi analijua. Kwenye kunyanyua, hesabu kwa kipenyo kamili. Ukikosea, kosea kwa kudhani ni nzito zaidi.

Hatua ya 2: Andaa malazi ya chuma

Kabla lori halijafunguliwa, uwanja uwe tayari. Ardhi iwe ngumu na tambarare. Udongo uliolowa mvua za masika hubonyea upande mmoja, na rundo lililokaa sawa Jumatatu linakuwa limeinama Ijumaa.

Panga magogo ya kulalia, ya unene mmoja. Usichanganye gogo zima na kipande cha tofali. Kwa nondo za mita 12 weka magogo yasiyopungua manne, zaidi kwa nondo nyembamba, ili zisipinde katikati na ili silingi iweze kupita chini bila mtu kuingiza mkono. Ukipanga tabaka la pili, magogo yake yakae juu kabisa ya yale ya chini, kwa mstari wima. Gogo la juu likiwa katikati ya nafasi ya magogo mawili ya chini, uzito wote unapinda tabaka la chini na rundo linaanza kutembea.

Vyuma vya mviringo, yaani mabomba na nondo, vinataka nguzo za pembeni zilizochimbiwa na kumwagiwa zege. Kabari za mbao zinatosha kwa usiku mmoja. Kwa rundo la kudumu zege haina mbadala. Mahali pasipo na nguzo, mimi nashauri kimo cha rundo kisizidi upana wa kitako chake, na hata hivyo kisipite kiuno cha mtu anayechomoa. Ukitaka kwenda juu zaidi, jenga rafu za chuma zenye mikono, na uzito wa juu wa kila mkono uandikwe kwa rangi.

Sakafu nayo ihesabiwe. Nondo zilizopangwa kwa kimo cha mita moja zinabonyeza karibu tani 5 kwenye kila mita ya mraba. Sakafu ya ghorofa ya kawaida imekusudiwa kubeba sehemu ndogo tu ya uzito huo. Kwa hiyo nondo za jengo hazirundikwi sehemu moja juu ya sakafu iliyomwagwa mwezi uliopita, hata kama winchi ipo leo tu na kesho haipo. Mwulize mhandisi, zisambaze, au zibaki chini.

Hatua ya 3: Kagua vya kufungia

Ukaguzi huu ni wa dakika kumi, na hauna haja ya mtaalamu.

Silingi ya mkanda: soma lebo. Isiyo na lebo haina kazi, hata ikiwa inang'aa. Mikanda mingi inayofuata viwango vya Ulaya hupakwa rangi kulingana na uwezo: zambarau ni tani 1, kijani tani 2, njano tani 3, kijivu tani 4, nyekundu tani 5. Rangi inakusaidia kuchagua haraka, lakini lebo ndiyo yenye kauli ya mwisho. Mkanda uliokatika ukingoni, ulioungua na cheche za kuchomelea au uliofungwa fundo, ukate vipande viwili na utupe. Usipoukata, kesho utaukuta umerudi kazini.

Cheni: tafuta namba 8 au 80 iliyogongwa kwenye pete. Cheni ya daraja hilo yenye unene wa milimita 8 hubeba tani 2, ya milimita 10 hubeba tani 3.15, ikiwa mguu mmoja na imesimama wima. Cheni ya kufungia geti haina alama hiyo, na haipandi winchi. Pete iliyorefuka, iliyopinda au yenye ufa inaiondoa cheni nzima.

Kamba ya waya: pitisha kitambaa, sio kiganja. Kikinasa, kuna nyuzi zimekatika. Iliyojikunja ikabaki na kona haitumiki tena.

Ndoano: kizuizi cha mdomo kiwepo na kirudi chenyewe. Mdomo ukiwa umepanuka kuliko ulivyotoka kiwandani, ndoano imeshabeba zaidi ya uwezo wake.

Kuna vitu viwili vinapendwa sana yadini na vyote viwili ni marufuku. Cha kwanza ni ndoano iliyotengenezwa kwa kukunja nondo na kuichomelea. Nondo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na joto la kuchomelea linaweza kuifanya ikatike ghafla bila kupinda kwanza. Cha pili ni kunyanyua bunda kwa kuingiza ndoano kwenye waya au mkanda wa chuma uliofungia bunda kiwandani. Ule waya kazi yake ni kuzishika nondo zisitawanyike. Bunda la tani 2 likiachia hewani, nondo 180 na ushee za milimita 12 zinashuka kila moja kwa njia yake.

Hatua ya 4: Funga kwa hesabu ya pembe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wenye uzoefu wa miaka wanapoteleza.

Tuseme bunda ni tani 2, urefu mita 12. Una silingi mbili za kijani, kila moja tani 2. Kwa haraka unasema: uwezo tani 4, mzigo tani 2, tuna ziada. Subiri.

Kwanza, silingi ikizungushwa na kujikaba kwenye mzigo hupoteza karibu asilimia 20 ya uwezo wake. Ile ya tani 2 sasa ni ya tani 1.6. Pili, miguu ya silingi ikilala, kila mguu unavutwa zaidi ya nusu ya mzigo. Ukifunga bunda mita 3 kutoka kila ncha, nafasi kati ya vifungo viwili ni mita 6. Silingi zikiwa na urefu wa mita 6 kutoka ndoano hadi kifungo, pembe na mzigo ni nyuzi 60 na kila mguu unavutwa kama tani 1.15. Sawa, inapita. Zikiwa za mita 4, kila mguu unavutwa tani 1.5, umebakiwa na unywele. Zikiwa za mita 3 na sentimita 30, kila mguu unavutwa tani 2.4 na silingi zote mbili zimezidiwa, ingawa mzigo ni uleule wa tani 2 na hakuna aliyeongeza hata nondo moja.

Kanuni ya kukariri: nafasi kati ya vifungo viwili isizidi urefu wa mguu mmoja wa silingi. Ukiona pembetatu yenye pande sawa au iliyochongoka zaidi, endelea. Ukiona pembetatu iliyobonyea kama paa la banda la kuku, shusha.

Silingi zikiwa fupi, wengi husogeza vifungo katikati. Pembe inapona, lakini ncha za nondo zinaning'inia, bunda linayumba, na nondo za ndani zinaanza kuteleza kwenda upande ulioinama. Jibu ni silingi ndefu zaidi au boriti ya kutanulia iliyopigwa hesabu na kuandikwa uwezo wake.

Kwa nondo na mabomba, zungusha silingi mara mbili kabla ya kuikaba. Mzunguko mmoja hushika nondo za nje na kuziacha za ndani zichomoke. Kingo kali za boriti na shiti ziwekewe kinga: kipande cha tairi kuukuu au mpira mnene. Mkanda unaovutwa juu ya kona ya chuma hukatika mara moja, bila kutangulia kulegea.

Hatua ya 5: Kushusha kwenye lori

Mzigo uliotoka bandarini au kiwandani umetikiswa njia nzima, haujakaa kama ulivyopakiwa. Kabla ya kulegeza kamba yoyote, zunguka lori lote na uangalie umeegemea wapi. Fungua ukiwa upande usioegemewa, na upande wa pili asiwepo mtu hata mpita njia. Mabomba ndiyo wakorofi kuliko vyote: yanaweza kuwa yanashikiliwa na hiyo kamba tu.

Dereva ashuke na asimame mahali anapoonekana. Utingo asibaki juu ya mzigo wakati unanyanyuliwa. Apande kufunga, ashuke, ndipo mzigo uende.

Angalia juu. Winchi ikisimama chini ya nyaya za umeme, hakuna ufundi utakaokuokoa. Kaa mbali nazo mita 6 au zaidi, ukihesabu kutoka ncha ya mkono wa winchi na ncha ya nondo, maana nondo ya mita 12 ikizunguka inafika mbali kuliko winchi yenyewe. Nafasi ikikosekana, hamisha lori au zungumza na TANESCO kabla.

Kuna mtindo wa kufunga nondo kwenye nguzo au mti, kisha dereva anaondoa lori kwa kasi ili mzigo ubaki nyuma. Nimewahi kusikia ukiitwa ujanja. Nondo zinapoachia hakuna anayejua zitarukia wapi, na aliyeufunga mti ndiye aliye karibu nazo zaidi.

Nondo zilizokunjwa katikati ili zienee kwenye Canter nazo zina hila yake: zimejibana na zinataka kunyooka. Ukikata waya wa kufungia, simama ubavuni, sio mbele ya ncha. Vaa miwani.

Hatua ya 6: Nyanyua

Mtu mmoja tu ndiye anayempa ishara mwendesha winchi. Watu watatu wakipunga mikono, mwendeshaji atamfuata anayepiga kelele zaidi. Ishara moja tu ni ya wote: simama. Akiitoa hata kibarua wa siku ya kwanza, winchi inasimama.

Nyanyua kwa sentimita 15 hivi, kisha tulia. Tazama kama mzigo uko mlalo, kama silingi imeuma vizuri, kama kuna nondo inayochungulia. Ukiwa umeinama, shusha ufunge upya. Usimpandishe mtu kwenye ncha iliyo juu ili aisawazishe. Nimeliona hilo mara nyingi, likifanywa kwa kicheko.

Ongoza mzigo kwa kamba mbili, moja kila ncha, ndefu za kutosha ili anayezishika asiwe chini ya mzigo wala njiani mwake. Asijizungushie kamba mkononi. Mkono wa mtu hauusimamishi mzigo wa tani 2 unaoyumba, hata ukiyumba polepole.

Ukitumia foklifti, beba chini, sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mtu atangulie kufungua njia. Kumbuka uwezo ulioandikwa kwenye mashine, tuseme tani 3, unahesabiwa mzigo ukiwa umekaa karibu na uti wa foklifti, mara nyingi kitovu chake kikiwa sentimita 50 kutoka hapo. Mzigo ukisogea mbele, uwezo unapungua.

Hatua ya 7: Laza na ufungue

Magogo yawe yamepangwa tayari. Ikibidi kurekebisha moja, mzigo usimame kwanza, na gogo lishikwe kwa ubavu au kusukumwa kwa fimbo. Vidole vingi vya makuli vilipotelea hapo, kati ya gogo na chuma, kwa kushika gogo juu na chini.

Mzigo ukigusa magogo, usilegeze yote mara moja. Legeza kidogo, tazama kama unaviringika, weka kabari, ndipo ulegeze kabisa. Silingi itolewe kwa mkono. Ukiivuta kwa winchi kutoka chini ya bunda, inanasa, inageuza bunda, na pengine inaangusha rundo la jirani.

Hatua ya 8: Shiti na roli za bati

Shiti zilazwe chali juu ya magogo. Najua zinachukua nafasi na najua mteja anataka kuziona. Lakini shiti zilizoegeshwa ukutani ndizo ninazoziogopa kuliko chuma kingine chochote yadini. Kijana anataka ya nne. Anazivuta tatu za mbele zimwegemee kifuani ili apenyeze mkono. Za milimita 6 zikiwa tatu ni kilo 420. Maadamu zimeegemea ukuta, anazimudu kwa kidole. Zikishavuka wima na kuanza kumlalia, hakuna mtu duniani wa kuzirudisha, na nyuma yake mara nyingi kuna rundo jingine.

Ukilazimika kuzisimamisha, tumia fremu yenye umbo la herufi A, iliyofungwa sakafuni, yenye vizuizi mbele vinavyotenganisha shiti chache chache, na uchomoe kwa kreni na klampu yenye alama ya uwezo.

Roli za bati zikae kwenye vitanda vya mbao vyenye kabari pande zote mbili, zilizopigiliwa. Jiwe halitoshi. Usipange roli juu ya roli kama huna vitanda vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 9: Kubeba kwa mabega

Mamlaka ya usalama ya Uingereza huanza kutia shaka mzigo ukizidi kilo 25 kwa mwanamume mmoja, ukishikwa karibu na mwili usawa wa kiuno. Kipimo cha Marekani kinaanzia kilo 23. Nondo tatu za milimita 12 zimeshapita hapo. Sisi tunabebesha nane.

Beba wawili au watatu wenye vimo vinavyokaribiana, bega la upande mmoja, anayetangulia akitaja hatua na kona. Kutua ni kwa hesabu, wote kwa pamoja. Aliyeachia mapema humpiga mwenzake kwa mrejesho wa nondo. Glavu ziwe za ngozi: nondo iliyoshinda juani mchana wa Dar inaunguza, na kingo za shiti hukata kama wembe. Buti ziwe na chuma mbele. Kila anayefanya kazi hii apate chanjo ya pepopunda na aandike tarehe.

Hatua ya 10: Uuzaji wa kila siku

Nondo hutolewa kutoka juu kwenda chini. Mteja akitaka ya milimita 16 na iko chini ya za 12, za 12 zinahamishwa kwanza. Kama hili linakuchosha, tatizo ni mpangilio: kila kipenyo kipewe rundo lake, kinachouzika sana kiwe karibu na geti. Mteja asubiri nje ya mstari wa rangi. Ncha za nondo zilizoelekea njiani zivikwe vifuniko au chupa za plastiki, angalau zionekane.

Hatua ya 11: Daftari, na siku mambo yakiharibika

Weka daftari la silingi, cheni na ndoano: namba, uwezo, tarehe ya ukaguzi. Kanuni za Uingereza za 1998 zinataka vifungio vikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila miezi 6 na mashine nyingi za kunyanyulia kila miezi 12. Ni mpangilio mzuri kuufuata popote. Tanzania Bara, sehemu ya kazi inatakiwa kusajiliwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya Sheria Namba 5 ya 2003. Kenya wana sheria yao ya 2007 na idara yao ya DOSHS. Winchi ikiwa ya kukodi, dai cheti chake cha ukaguzi kabla haijaingia getini, sio ikishafungua miguu.

Mtu akibanwa na chuma, msikimbilie wote kuvuta. Zuieni kwanza kwa kabari kilichobaki kisishuke zaidi, piga 112 au Zimamoto 114, kisha nyanyueni kwa jeki au winchi, kidogo kidogo, huku mkifuata kwa magogo chini. Andika saa aliyobanwa. Aliyekaa muda mrefu na mguu chini ya uzito anaweza kuzidiwa mara tu uzito unapoondolewa, kwa hiyo msaada wa daktari uwe njiani kabla hamjamwachia, na hospitali ielezwe alibanwa kwa dakika ngapi. Mwajiri atoe taarifa OSHA na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hata kama aliyeumia alikuwa kibarua wa siku moja.